Skramu Iliyoanguka Bila Kusukumwa

Wako watu hapa Nakuru ambao wakikutana nami mtaani hawaniangalii usoni kwanza, wanaangalia chini, kwenye miguu, halafu ndipo wanainua macho wakiwa wameshaanza kucheka, na mimi nawaacha wacheke kwa sababu nimejitetea mpaka nimechoka na kila nikijitetea aibu inaongezeka. Basi wacha niisimulie mwenyewe, yote, kabla hamjaisikia kwa mtu wa kutia chumvi (ingawa hii, kusema ukweli, haihitaji chumvi).

Mimi ni refa wa raga. Siku za kazi niko dukani, kwenye agroveti moja pale mjini, nauza dawa za ng'ombe na mbegu na mitego, na Jumamosi nachukua filimbi. Nilicheza raga miaka mingi, ila nilikuwa winga, yaani mtu wa kule pembeni kabisa ambaye kazi yake ni kungoja mpira na kukimbia, na mechi ikiisha jezi yake bado inanukia sabuni. Skramu niliiona kwa mbali tu, kama mtu anavyoona jirani wakigombana, unajua kuna jambo lakini si lako.

Kwa asiyejua, skramu ni hivi: watu wanane wa timu hii na wanane wa timu ile wanainama, wanakumbatiana, vichwa vinaingia kati ya vichwa, wanasukumana, na mpira unapitishwa chini yao. Mbele wanakaa watatu watatu, na wale wawili wa pembeni ndio mapropu, watu wenye shingo nene kuliko paja langu. Refa anasimama kando na kuita maneno matatu, "Crouch! Bind! Set!", wanagongana, na mara nyingi baada ya hapo lundo lote linaanguka na refa anatakiwa aseme nani kaliangusha. Sheria yenyewe haina shida. Ukiangusha makusudi ni penalti, ikianguka yenyewe mnarudia. Shida ni kwamba ukisimama pale unachoona ni migongo na vumbi, kwa hivyo kila refa ana njia yake, kuna wanaotazama kiwiko cha propu, kuna wanaotazama nyonga, na kuna (haya hatuyasemi hadharani) wanaotazama timu gani imelemewa wakaipa hiyo makosa, maana aliyelemewa ndiye mwenye sababu ya kuangusha. Mimi nilikuwa wa hao wa mwisho, na siku nyingine hata hilo lilinishinda, nikawa napuliza tu na kuweka uso wa mtu anayejua.

Siku yenyewe nilipewa mechi ya timu moja ya hapa mjini na timu ya Salgaa, vijana wa gereji na wapakiaji mizigo wa pale kwa malori. Uwanja wa kawaida ulikuwa umechukuliwa na mkutano wa injili, kwa hivyo wenyeji wakaazima uwanja wa shule moja huko upande wa Njoro, uwanja mzuri wa kijani uliopakana na shamba la viazi. Refa anatakiwa autembee uwanja wote kabla ya mechi, akague kama ni salama kuchezewa. Nikasimama getini, nikauangalia, nikasema huu uko sawa, kisha ule muda wa kutembea nikautumia chooni nikijizoeza sauti. (Ndiyo, sauti. Niliwahi kuambiwa kwamba nikiita "Set!" nasikika kama mtu anayeita paka.) Uamuzi mdogo tu huo, wa dakika chache, na yote yaliyofuata yalitoka hapo.

Kabla ya mechi ni desturi refa kuwaendea watu wa mbele wa kila timu, kuwaambia anataka nini kwenye skramu. Salgaa walikuwa wanavalia katika darasa la watoto wadogo, wamekalia vile vidawati magoti yakiwa karibu na masikio. Kati yao kulikuwa na propu mmoja mkubwa kiumri, wa kama miaka arobaini hivi, fundi wa malori, wote wanamwita Jeki kwa sababu inasemekana aliwahi kuinua ekseli kwa mgongo wakati jeki yenyewe imekataa. Nilipomaliza maelezo akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Madam, samahani. Leo ni game yangu ya mwisho, goti limekataa. Na mathe amekuja, ametoka Ndabibi asubuhi, hajawahi kuniona nikicheza. Miaka yote anadhani raga ni watu wa kupigana tu. Nimemwambia hapana, kuna sheria, na kuna ref. Ni hivyo tu, nilitaka ujue."

Mtu mwingine angesikia maneno mazuri hapo. Mimi nikasikia mtu anayenilainisha. Nikasema huyu mzee ameona ni mwanamke, ameona niongezewe na habari za mama ili niwe mpole, basi ngoja. Nikatoa ile sauti niliyotoka kuizoeza chooni:

"Mathe karibu sana. Lakini leo hakuna mambo ya kurudia-rudia. Scrum ikianguka, mtu analipa. Na atakayeongea na mimi ni captain peke yake. Tumeelewana?"

"Yes, sir," wakajibu wote. (Kwenye raga refa ni "sir", hata akiwa amevaa hereni. Nilikuwa nimeshazoea.)

Nikaenda kwa wenyeji nikasema yaleyale, na kapteni wao Hari, kijana wa familia ya Kisikh yenye duka la vipuri mjini, mtu mpole na mwenye adabu kupita kiasi, akaniambia, "Very clear, sir." Nikatoka pale nimejaa. Nilijiona refa wa kwenye televisheni.

Mama yake Jeki nilimtambua bila kuonyeshwa. Alikuwa amewekewa kiti cha plastiki karibu kabisa na mstari, kwenye kona ya upande wa viazi, sweta nzito, kitambaa kichwani, mwavuli juani, na kila mwanawe alipogusa mpira aliuliza watu wa karibu kama huo ni ushindi.

Kipindi cha kwanza kilienda vizuri, na skramu zote zilitokea katikati ya uwanja ambako ardhi ilikuwa ngumu, kwa hivyo zikasimama. Kipindi cha pili, Salgaa wakiwa wanaongoza kwa pointi chache, wenyeji wakawabana hadi karibu na mstari wao wa nyuma, kwenye kona ileile ya viazi, mbele ya mama. Mchezaji wa Salgaa akaangusha mpira mbele, na hilo kwenye raga ni kosa. Skramu, mpira wa wenyeji.

"Crouch! Bind! Set!"

Ikaanguka. Ilianguka upande wa Jeki, polepole hivi, hata sikuona mtu akilemewa upande wowote. Refa mwenye akili angesema turudie. Lakini mimi nilikuwa nimeshatangaza katika madarasa mawili kwamba leo hakuna kurudia, kwa hivyo nikapuliza na mkono juu, penalti, Salgaa wameangusha. Jeki akainuka na udongo kwenye ndevu.

"Madam, hapa chini kuna—"

"Captain peke yake!"

Akafunga mdomo. Palepale. Kapteni wa Salgaa, kijana anayeitwa Brayo, alikuwa anacheza nyuma kabisa ya wote, hata skramu alikuwa hajaiona, akaja mbio akisema, "Sorry sir, tutaongea naye," nikamwambia aongee naye. Sasa, timu ikipewa penalti inaruhusiwa kuchagua skramu nyingine palepale, na Hari alikuwa ameona mapropu wake wamepata mwanya.

"Scrum, sir."

Ya pili ikaanguka vilevile, upande uleule. Jeki safari hii alinyoosha tu kidole chini kwenye nyasi, na mimi nikamwambia, Mungu anisamehe, "Usinifundishe kazi." Penalti. Hari akasema "Scrum, sir." Ya tatu ikaanguka. Nikaingiza mkono mfukoni nikatoa kadi ya njano, nikaiinua juu kabisa ili hata watu wa kule getini waione, na Jeki akaondoka uwanjani kwenda kukaa nje dakika kumi.

Mahali pa kutokea palikuwa pale mama alipo. Mama alikuwa ameshasimama.

"Umefanya nini?" Sauti ya watu wa shambani hiyo, ya kuita mtu ng'ambo ya bonde, kwa hivyo tulisikia sote.

"Sijafanya kitu, mama."

"Kama hujafanya kitu mbona umefukuzwa?"

Jeki akageuka akaniangalia. Hakuwa na hasira usoni, na hiyo ndiyo iliyonisumbua. Kisha akamgeukia mama yake.

"Ref ameona, mama."

Mama akakaa. Akafunga mwavuli, akauweka miguuni, na hakuuliza tena kitu. Mimi nikajifanya naangalia saa.

Mambo hayakuishia hapo. Salgaa hawakuwa na propu mwingine, na sheria haikubali mtu asiyefunzwa aingie pale mbele akavunjike shingo, kwa hivyo propu akikosekana skramu zinakuwa za kusimama tu, hakuna kusukuma. Skramu ndiyo iliyokuwa silaha ya Salgaa. Nilipotangaza hivyo watu wakaguna uwanja mzima, na mzee mmoja kwenye uzio akauliza kwa nini basi tusilete karata. Hari akachagua skramu tena, maana mahali hakuna kusukumana mpira ni wake bila ubishi. Salgaa wakaweka kijana mmoja mwembamba mahali pa Jeki, mwenye miguu ya kuku, ashikilie tu nafasi.

"Crouch. Bind. Set."

Wakaingia taratibu, kama watu wanaoweka kochi chini wakiogopa kukwaruza sakafu. Hakuna aliyesukuma. Hata mimi niliona hakuna aliyesukuma. Na skramu ikaanguka, upande uleule, polepole vilevile.

Mtu mmoja kule nyuma akauliza kwa sauti ya upole kabisa, "Ref, na huyu naye?"

Hapo ndipo Mungu aliponipa nafasi ya mwisho ya kujiokoa. Ningeinama nikatazama ardhi ningebaki na heshima kidogo. Lakini kichwa kilikuwa kimeshavimba, na mtu mwenye kichwa kilichovimba hainami. Nikamwendea yule kijana mwembamba, nikamwambia, "Shida ni miguu yako. Unaiweka vibaya. Tazama," na mbele ya timu mbili na mama wa watu nikakanyaga pale aliposimama Jeki, mguu wa kulia, kwa nguvu, kama mwalimu.

Mguu ukaenda. Ukaenda ukapita goti, na ule mwingine ukateleza kwenye nyasi, na mimi nikaanguka kifudifudi filimbi ikiwa mdomoni, hewa yote iliyotoka kifuani ikapita kwenye filimbi ikalia mlio mrefu wa ajabu, na wachezaji, kwa nidhamu ya raga, wakasimama wima wote kungoja uamuzi. Kadi zikaruka kutoka mfukoni. Nyekundu ikatua karibu na kichwa changu.

"Amejipa red!" mtu akapiga kelele, na hapo uwanja ukapasuka.

Lilikuwa shimo la fuko. Fuko alikuwa ametoka kwenye viazi akachimba njia zake chini ya kona yote ile, juu nyasi nzuri, chini hewa tupu, na kila mara watu kumi na sita waliposimama hapo njia ilibonyea upande wa Jeki. Na kumbukeni mimi nauza mitego ya fuko! Wiki hiyohiyo nilikuwa nimesimama dukani nikimweleza mteja, kwa majivuno, jinsi ya kutambua njia ya fuko kwa kutazama nyasi.

Nikajaribu kujivuta, nikashindwa. Udongo ulikuwa umebomoka ukaushika mguu na kiatu kikanasa kwenye mzizi. Hari akanivuta mkono mmoja ("Sorry, sir, sorry"), yule kijana mwembamba akanivuta mwingine, wakawa wananivuta pande mbili kama shuka inayokamuliwa, na mimi najaribu kucheka ili nionekane ninacheka pia. Ndipo nikasikia sauti kutoka pembeni.

"Madam! Naruhusiwa kuingia?"

Alikuwa Jeki. Amesimama nje ya mstari, ncha za viatu zikikaribia chokaa bila kuigusa, kwa sababu dakika zake kumi zilikuwa hazijaisha na mtu aliyepewa kadi haingii bila ruhusa ya refa. Refa mwenyewe akiwa ardhini na mdomo umejaa nyasi. Mnaelewa? Nimemwonea mara tatu, nimemwaibisha mbele ya mama yake, na bado ananiomba ruhusa aje anitoe shimoni.

"Ingia," nikasema.

Akaja, akapiga magoti (lile bovu akilikunja kwa shida), akachimba kwa mikono, akanishika chini ya makwapa akanitoa kama anayemtoa mtoto kwenye beseni. Kiatu kikabaki. Akarudisha mkono shimoni, akakitoa, akakung'uta udongo, akanipa.

"Ndicho ulichotaka kuniambia?" nikamuuliza.

"Ndiyo, madam."

"Sasa mbona hukuniambia?"

Alitabasamu tu, na kabla hajamaliza kutabasamu nilikuwa nimekumbuka mwenyewe.

Nikiwa nimevaa kiatu kimoja na kingine mkononi nikawaita makapteni, nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye kiti cha plastiki, na safari hii sikuizoeza, "Nimekosea. Hakuna aliyeangusha skramu. Penalti zote tatu nazifuta, kadi naifuta, Jeki anarudi." Sijui kama kuna kifungu kinachomruhusu refa kufanya hivyo. Kama yuko mtu wa chama anayesikiliza, naomba ajifanye hajasikia. Kisha nikautembea upande ule wote, nikikanyaga kwa kisigino kila mahali huku mashabiki wakiniimbia, nikapata pahali pagumu ndani kidogo, nikasema skramu iwe hapo. Na wasukumane.

Sasa sikilizeni vizuri, maana watu wakisimulia hii hadithi huishia kwenye shimo.

"Crouch! Bind! Set!"

Wakagongana mpaka nikahisi miguuni. Nilikuwa nimeinama upande wa Jeki, chini kabisa, kwa mara ya kwanza maishani mwangu natazama skramu kwa macho ya mtu anayetaka kuona. Ardhi ikashika. Wenyeji wakasukuma, Salgaa wakasimama, wenyeji wakaongeza, na goti la Jeki likaanza kutetemeka, nikaliona, nikaona nyonga ikishuka, kisha nikaona vidole vyake vikiachia jezi ya mwenzake na kiwiko kikienda moja kwa moja hadi chini. Skramu ikaanguka. Kaiangusha. Waziwazi, mbele ya pua yangu.

Watu wote wakaniangalia. Nawaambia ukweli, moyo wangu ulisema turudie. Hakuna mtu angelalamika, hata Hari asingelalamika, nilikuwa na deni kwa yule mtu la kutosha skramu kumi. Na mama alikuwa amesimama tena. Lakini nikafikiria alivyomwambia mama yake, ref ameona, akisema kitu asichokiamini ili mimi nisidharauliwe, na sasa ndiyo nimeona kweli, nifunge macho? Nikapuliza. Mkono juu. Penalti, Salgaa wameangusha.

"Aaaah, ref!" uwanja mzima.

Jeki alikuwa bado amepiga magoti. Akainua uso wake wa udongo, akaniangalia, na akaanza kucheka, kicheko cha tumboni.

"Hiyo ni yangu, sir."

Na kutoka kwenye mstari, ile sauti ya ng'ambo ya bonde: "Hiyo hata mimi nimeiona!"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Hari hakutaka skramu tena, akacheza haraka, wenyeji wakafunga, Salgaa wakashindwa, na Jeki alitoka uwanjani kwa mara ya mwisho akiwa ameshindwa kwa haki, mkono wake umeshikwa na mama yake.

Baada ya mechi timu zote mbili hula pamoja, ndiyo desturi, kwa hivyo tulijazana kwenye lile darasa na chai na mandazi. Nilitaka kuponyoka lakini mama akanipigia kofi kidawati cha pembeni yake, nikae. Nikakaa.

"Mami, ile ya mwisho nimeielewa," akasema. "Mkono ulienda chini. Sasa nieleze zile za kwanza. Wewe uliona nini?"

"Mathe, achana na ref," Jeki akaingilia.

"Nimemuuliza yeye."

Ningeweza kumtaja fuko, ningeweza kusema vumbi lilikuwa jingi. "Sikuona kitu, mama," nikasema. "Nilikuwa nakisia."

Akamtazama mwanawe. "Na wewe uliniambia ameona."

"Ndivyo inavyosemwa, mama. Kwenye raga ndivyo tunavyosema."

Mama akanywa chai yake bila haraka, akaweka kikombe, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, mikono migumu ya jembe. Nilitegemea aniambie pole, au asante, au hata anikaripie.

"Basi siku nyingine," akasema, "usimfanye mtoto wangu aniongopee."

Nimepewa ripoti nyingi za makosa na wakubwa wa marefa, na hakuna iliyoniingia kama hiyo. Tangu hapo uwanja nautembea wote kwanza, kona hadi kona, nikikanyaga kwa kisigino, na wanaotaka kucheka wanacheka. Skramu ikianguka na sijaona, nasema kwa sauti kwamba sijaona, rudieni, na wachezaji wananung'unika na makocha wanatupa kofia chini na tunarudia mpaka nione. Na propu akifungua mdomo, captain au si captain, nanyamaza kwanza nimsikie.